Jumla ya Mwendo

Februari, barafu ya ziwa Khuvsgul ina kina cha kimo cha mtoto,
na baba, mwalimu wa fizikia pale Hatgal,
alitutoa darasani kwa kuwa jiko lilikuwa limezima.
Akanisimamisha uso kwa uso na Tumenjargal, mwana wa mwuza nyama,
mzito mara mbili yangu.
"Sukumaneni," akasema. "Kisha msifanye lolote."

Nikateleza kinyumenyume hadi kwenye bendera nyekundu ya njia ya malori.
Mwenzangu akasogea kidogo tu, kama kabati linalohamishwa.
Baba akapiga magoti, akaandika kwa chaki juu ya barafu:
tungamo kubwa, kasi ndogo, huku;
tungamo dogo, kasi kubwa, kule;
jumla, sifuri.
"Mlianza na sifuri. Nani angewaongezea?"

Hapo likapita lori la makaa,
dereva akatupungia mkono.
"Yule," baba akasema, "ametuona sote tukirudi nyuma,
mimi, chaki, na sifuri yangu.
Kwenye daftari lake jumla si sifuri,
wala hajakosea hesabu."
Tumenjargal akauliza kama hilo litakuja kwenye mtihani.

Mwaka uliofuata mama alikwenda Korea, kiwandani Ansan,
kubandika mipira kwenye milango ya majokofu.
Miaka mingi nilisema: mama aliondoka.
Yeye husimulia vingine.
Alikaa tuli, mikono mapajani, kwenye kiti cha basi,
na Hatgal ikaanza kurudi nyuma,
paa la bluu, mbwa, mimi na kofia yangu,
tukaenda, tukaenda, tukawa punje.
"Ninyi ndio mlioniacha."

Nilimpelekea baba shitaka hilo akiwa anapasua kuni.
Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"Kwa kanuni," akasema, "hana kosa."
Akainua shoka.

Usiku nikamwuliza: na vyote?
Nyota zote, vumbi lote, yaki wote na malori,
ukijumlisha mwendo wa kila kilichopo, jibu ni ngapi, na kuelekea wapi?
"Jumla huiandika aliyesimama ufukweni.
Nionyeshe ufukwe."

Sikuwa nao.

"Upo mwanga mkongwe," akasema baadaye, nikidhani amelala,
"masalio ya joto la mwanzo, umejaa kila pembe.
Upande mmoja wa anga una joto kwa unywele mmoja zaidi,
upande wa pili una baridi kwa unywele huohuo,
kama mpanda farasi: uso wapigwa na upepo, kisogo kimesalimika.
Ndivyo tunavyojua kwamba tunakwenda.
Kilomita mia tatu na sabini kila sekunde."
"Basi huo mwanga ndio ufukwe?"
"Wa kwetu tu. Galaksi ya mbali ina utulivu wake,
nao unatukimbia."
Ziwa likalia, kama liliavyo baridi ikizidi,
ufa mmoja mrefu kutoka kusini hadi kusikojulikana.

Baba tulimzika kilimani, upande unaotazama njia ya malori.

Mama hupiga simu Jumapili.
Huuliza niko wapi, nami huona haya kujibu: palepale.
Jana tuliongea dakika kumi.
Nilipiga hesabu nyuma ya bili ya umeme:
kwa kipimo cha mwanga ule mkongwe,
kilomita laki mbili na elfu ishirini na mbili,
mimi jikoni, yeye kwenye ngazi za bweni,
upande uleule, kasi ileile, au karibu yake,
bila mmoja wetu kumsukuma mwenzake.

Nilitaka kumwambia.
Yeye alikuwa anauliza kama yaki wamepata majani makavu.